Imefungwa kwa Msimu

Jumatatu, tarehe kumi Februari. Asubuhi ile jua lilitoka mapema kama mtu aliyetumwa, na angani hapakuwa na wingu hata la kusingiziwa. Waliokuwa wakimiminika sokoni walilifurahia. Mtu mmoja tu alilitazama kwa uchovu, naye alikuwa fundi wa miavuli, ambaye soko zima lilimwita Mvua.

Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za kupandia ghorofani, na akinyoosha mikono aligusa kuta zote mbili. Aliachiwa na marehemu baba yake, pamoja na makoleo mawili, sanduku la mbavu za miavuli na mazoea ya kusali kidogo kabla ya kufungua kufuli. Asubuhi hiyo sala ilikuwa fupi kuliko siku zote. Mungu wangu, mteja mmoja tu. Ilikuwa siku ya tisa hajashika kazi ya mtu.

Ofisi ya soko ilikuwa imetoa amri mpya. Kibanda kitakachokaa mwezi mzima bila kazi, au kitakachotangazwa kufungwa kwa msimu, kitachukuliwa, apewe aliye mbele kwenye orodha ya wanaosubiri. Na kwa fundi wa miavuli, kiangazi ni miezi minne.

Jirani yake, mzee mnene muuza aiskrimu aliyeitwa Barafu, alikuwa na foleni iliyofika mpaka kwenye maua ya plastiki ya duka la tatu. Alipenda kumchokoza Mvua kwamba yeye na jua wameoana. Mvua alimjibu kwamba talaka yao anaijua tarehe yake.

Kwenye saa nne, katikati ya msukumano wa watu pale ngazini, alisimama mwanamume mwenye shati la bluu lililopigwa pasi mpaka likang'aa, kola imeanza kulika. Mkononi alikuwa na mwavuli mweusi. Mvua alidhani amepotea njia.

"Habari ya kazi, dada. Unatengeneza hata kiangazi?"

"Kaka, ningekuwa nachagua majira, ningeuza aiskrimu."

Mwanamume alicheka, kisha akaufungua mwavuli. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika. Ulikuwa wa mama yake, alieleza, na tangu azikwe ameutembeza mwaka mzima bila kupata moyo wa kumpa mtu autengeneze. Mvua aliupokea kwa mikono miwili. Hakumpa pole kwa maneno mengi. Alichagua chuma kizuri kuliko vyote sandukuni, na mwanamume akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akimtazama anavyokunja na kukaza kwa vidole vyembamba vyenye makovu madogo madogo.

"Na jua likiwaka hivi, unafanya nini kutwa?"

"Natazama viatu vinavyopanda ngazi. Vyako vinahitaji kisigino."

Mwanamume akakiri kwamba hupanda ngazi hizo kila siku, kwani yeye ni mwalimu wa kompyuta, wa lile darasa la jioni la watu wazima huko ghorofani, juu kabisa ya kichwa chake. Mwalimu alimweleza kwamba ofisi ya soko imempa kazi ya kujenga tovuti, ili kila mfanyabiashara mwenye msimu mbaya apate cha kuuza msimu huo. Barafu, kwa mfano, mvua zikianza angepokea oda za keki. Mvua alimsikiliza kama mtu anavyosikiliza habari za harusi ya watu asiowajua. Lakini macho ya Mwalimu yalikuwa yamegota ukutani, kwenye mkoba ambao Mvua alibebea chakula chake cha mchana. Aliushona mwenyewe kwa kitambaa cha mwavuli uliokufa.

"Hiki ndicho kiangazi chako," alisema Mwalimu, akiugeuza geuza. "Haupitishi maji, mwepesi, na hakuna mwingine kama huu. Njoo darasani jioni, uandike ukurasa wako mwenyewe."

Mvua alikwenda. Miaka thelathini na tisa kichwani, na kile kipanya cha kompyuta kilimkimbia mezani kama kilichoona paka. Aliandika ukurasa wake kwa vidole viwili, jioni nne, akiomba Mungu amsaidie kuikumbuka nywila. Mwalimu alikuwa na subira ya ajabu. Hakushika mkono wake kumwongoza, alingoja. Labda ni hapo moyo ulipoanza kulegea.

Simu zikaanza, kila mchana, ingawa kati yao palikuwa na ngazi moja tu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Chini ya miguu yako. Punguza kukanyaga, vumbi lote linaniangukia kichwani."

"Basi leo nitatembea pekupeku."

"Utachekwa."

"Nimeshachekwa. Nampenda mwanamke anayeomba wingu mwezi wa pili."

Oda za mikoba zilikuja moja moja, halafu zikaja kwa mafungu. Mwanzoni mwa Machi Mvua alikuwa akishona tangu soko linafunguliwa mpaka linafungwa, na vidole vikaanza kutoa damu penye makovu. Hakulalamika. Alikuwa ameomba kazi na kazi imekuja. Angewezaje kumwambia Mungu apunguze? Alhamisi moja Mwalimu alipopiga simu, sauti ya Mvua ilikuwa imekwaruza kama koleo lenye kutu.

"Umekula?"

"Nitakula."

"Na kulala je?"

"Nitalala mvua ikinyesha, mpenzi. Niache nimalize."

Ijumaa haikuja oda hata moja. Jumamosi ilikuja barua. Msimamizi wa soko alimwarifu kwamba, kwa kuwa kibanda chini ya ngazi kimetangazwa kufungwa, aje kwenye kikao cha Jumatatu saa tatu, iamuliwe apewe nani. Mvua aliisoma mara tatu. Akafungua tovuti kwenye simu yake, kama alivyofundishwa. Ukurasa wake ulikuwa umepauka wote, na juu yake mstari mmoja: Imefungwa kwa msimu.

Watu wawili tu waliweza kuandika kwenye ukurasa ule. Mmoja alikuwa yeye.

Barafu aliegemeza kitambi chake mlangoni, akasita sana, kisha akamwambia alichokisikia ofisini. Aliye mbele kwenye orodha ya wanaosubiri ni muuza makava ya simu, dada yake Mwalimu, wa tumbo moja.

"Simsemi mtu," alisema Barafu. "Nakuambia tu ili usije ukaambiwa mbele za watu."

Mwalimu alipotelemka mchana, na chakula kwenye bakuli la kufunika, alimkuta amesimama. Mvua hakumkaribisha kwenye ndoo.

"Ni nani aliyefunga ukurasa wangu?"

"Ni mimi, lakini nilikuwa nakuja kukuele—"

"Inatosha."

"Mvua, nisikilize kidogo tu."

"Nimekusikiliza tangu Februari. Ningejua ulikuwa unampimia dada yako kibanda, ningekupa na futi."

Mvua alifunga mlango wa bati, mwenyewe akiwa ndani, gizani, mchana kweupe. Alisikia bakuli likiwekwa chini taratibu, kisha visigino vikipanda ngazi. Hakupokea simu siku ile wala Jumapili. Alipopiga magoti kusali hakupata neno. Alikaa tu hapo sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi, akaamini kwamba Mungu huwasikia hata walioishiwa maneno.

Jumatatu alivaa gauni la kijani la kuendea ibada. Ofisi ya soko ilikuwa imejaa. Wafanyabiashara kama ishirini walibanana kwenye mabenchi. Dada yake Mwalimu alikaa mbele, viatu vyekundu, nywele zimesukwa jana yake. Mwalimu alisimama nyuma karibu na dirisha, akiwa na ule mwavuli mweusi. Alionekana kama mtu ambaye naye hajalala.

Msimamizi, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, hakupoteza muda. Alisema orodha ya vibanda vilivyofungwa hutoka kwenye tovuti kila Ijumaa, yenyewe, na kibanda chini ya ngazi kimo. Akauliza kama kuna mwenye neno.

"Ninalo," alisema Mwalimu. "Aliyekifunga ni mimi. Mwenyewe hajui chochote."

Benchi zikanong'ona. Mwalimu akaeleza bila kumtazama Mvua. Aliisikia sauti yake Alhamisi, akaogopa. Akafikiri akizizuia oda mpaka Jumatatu, Mvua atalala. Jumamosi alitelemka kumwambia, amechelewa.

"Na hiyo orodha ya Ijumaa, hukujua inakuja kwangu?" aliuliza Msimamizi.

"Niliitengeneza mimi mwenyewe, mama. Nikaisahau."

Watu walicheka. Hata Msimamizi alivua miwani kuficha tabasamu. "Kwa nini hukumwuliza mwenzako kwanza?"

"Nilijua atakataa."

Wakacheka tena, lakini Mvua alisimama na kicheko kikafa. Dhana mbaya aliyoijenga moyoni siku mbili ilikuwa imebomoka, na bado palibaki kitu kinachouma.

"Nimechoka, ni kweli," alisema. "Nimechoka kabla hujanijua. Lakini uchovu huo ni wangu. Baba hakuniachia kile kibanda ili mtu aje anifungie kwa huruma. Ungekuja na kiti chako, ukakaa, ukashika sindano, ningekuelewa. Umenifungia mlango mimi nikiwa ndani, nashona."

Mwalimu aliinamisha kichwa.

Dada yake aligeuka kwenye benchi, akamtazama kuanzia viatuni. "Kaka, ungenifanyia mimi hivyo, huo mwavuli wa mama ungeishia kichwani kwako." Kisha akamwambia Msimamizi kwamba jina lake libaki kwenye orodha, ila kibanda kile hakitaki. Alishapita kukiangalia, pale chini ni vumbi tupu.

Msimamizi alikata jina la kibanda kwenye orodha ya vilivyofungwa, kwa kalamu nyekundu. Kitabaki kwa mwenyewe, alisema, lakini anataka kusikia, mbele ya kikao, kwamba jambo hili halitarudiwa.

Mwalimu alikuja mbele. Alitoa simu, akaiweka mezani kwa Msimamizi, akaonyesha kwamba ufunguo wake wa ukurasa wa Mvua ameshaufuta. Sasa anao mtu mmoja tu.

"Naahidi mbele yenu," alisema. "Sitaamua tena jambo la mwanamke huyu peke yangu, hata kwa kumpenda. Nikiona amechoka nitashuka ngazi na kiti changu, nimwulize."

"Na posa je?" alidakia Barafu kutoka nyuma. "Au nayo utaifungua na kuifunga kwenye tovuti?"

Kicheko kilizunguka chumba kizima. Mwalimu hakucheka. "Hata hiyo nitamwuliza yeye kwanza."

Macho yote yakamgeukia Mvua. Dirishani jua lilikuwa kali vilevile, halina huruma. Alimtazama yule mtu na kola yake iliyolika, kisigino chake ambacho bado hajakitengeneza, na ule mwavuli alioushika kama mkono wa mama yake. Alihisi uchovu wa mwezi mzima ukimshuka mabegani. Safari hii haukumlemea. Ulikuwa kama mzigo ambao mtu ameanza kuutua.

"Usiniulize leo," alisema. "Nina mikoba kumi na moja ya kumaliza, na wewe utanisaidia kutunga uzi. Niulize siku ya tone la kwanza la mvua, nikishalala usingizi wa kutosha. Nanyi wote hapa ni mashahidi: siku hiyo akiniuliza, nitajibu ndiyo."