Namba ya Gari Lililozama

Kadi ile ilikuwa imelowa, na droo nzima kavu. Wendell Pruitt akainusa: tope la ziwa. Akapuuza. Miaka ishirini alitunza kadi za kiwandani hapo Michigan, zenye namba ya kila gari na injini yake, na wenye magari ya zamani ya injini kubwa walimwita athibitishe kama injini ndiyo iliyozaliwa na gari. Aliweka karatasi juu ya namba iliyochongwa kwenye injini, akasugua kwa penseli, akalinganisha na kadi. Neno lake halikupingwa.

Mwezi Mei, mapenzi yalimponza. Mkwewe Curtis alikuwa na injini isiyo na namba, na Noreen, bintiye wa pekee, akambembeleza aipatie namba. Wendell akachagua kadi ile iliyolowa, ya gari ambalo hakuna aliyewahi kulidai, akaigonga namba yake kwenye chuma cha injini hiyo. Jarida la wapenzi wa magari likalitangaza gari la Curtis pamoja na namba hiyo.

Tangu hapo, kila injini aliyoisugua ilitoa namba ileile. Chini ya sakafu ya saruji ya ofisi yake kitu kikawa kinabisha, polepole, kikihama huku na huku.

Julai akapigiwa simu na bibi mmoja, Verna Haskell.

“Namba hiyo ya jaridani ni ya gari la kaka yangu Lyle,” alinong’ona. “Februari ya sabini na moja tulikatiza ziwa juu ya barafu, kama watu wote. Ikapasuka. Mimi nikatoka. Yeye akabisha chini ya barafu mpaka akachoka. Hawakumpata. Wewe namba yake umeitoa wapi?”

Kadi husema gari lilizaliwa lini; lilivyokufa hazisemi.

“Nifanyeje, dada?”

“Ifute. Umeshamwita.”

Alichukua tupa akakimbia hadi kwa Curtis, jasho likimtiririka na harufu ya tope ikimfuata mpaka ikamjaa kinywani, na alipofika akakuta banda wazi, gari halipo, na sakafuni, mahali lilipokuwa limeegeshwa, dimbwi la maji baridi lenye vipande vya barafu, na jua la saa nane likiwaka.

Simu ikalia. Noreen.

“Baba,” sauti yake ilikuwa ndogo, “mbona vioo vimeganda kwa ndani? Milango haifunguki. Curtis hata hanijibu.”

“Vunja kioo, mwanangu. Uko wapi? Vunja!”

Kilichosikika ni kubisha, kulekule, polepole. Wendell akaibana simu sikioni. Safari hii aliyekuwa akibisha ni Noreen.