Ua wa Mapadri

Hamdiya alikwenda kuanua mashuka. Basi. Hakwenda kumtafuta mtu, na wifi yake Afra akisema vingine, Afra ni mwongo.

Mashuka huanikwa nyuma ya nyumba yao, Maskati ya kale, mahali wanapopaita Kwa Mapadri. Ni ua wa mraba, umezungukwa na ukumbi wa matao pande zote nne, kisima cha mvua kati. Wareno ndio walioujenga, enzi walizojiona dunia yote yao. Mapadri walikuwa wakizunguka humo chini ya matao, vichwa chini, wakiomba. Kutwa kuzunguka! Watu wavuke bahari zote hizo, waje wajenge njia isiyofika popote! Walipofukuzwa, ua ukawa zizi la punda, kisha ghala la tende, mpaka babu wa mumewe alipoununua. Kuta nene za mawe na chokaa, nguzo fupi zimevimba kama miguu yenye matende. Siku hizi watalii wa meli zinazotia nanga bandari ya Matrah huja kuyapiga picha matao, midomo wazi. Hamdiya huwatazama dirishani akafyonza.

Marhoon, mumewe, alizikwa mwezi wa Shaabani. Hamdiya alimdharau angali hai na hakuona sababu ya kubadilika alipokufa. Mwanamme gani yule, kazi yake kulala, kulalama, na kuwadanganya watalii. Ila tangu afe nyumba imekuwa kimya, na Hamdiya hana wa kumsema. Lilimuuma hilo, na lilimuudhi kwamba linamuuma.

"Wifi, kaka hakufa," Afra alimnong'oneza jioni ile, kikombe cha kahawa mkononi. "Wachawi wamemchukua. Tulichozika si yeye. Yupo Kwa Mapadri, wanamzungusha. Nimemwita mimi, hanisikii. Anakutaka wewe mkewe, umwite kwa jina lake."

"Umesoma wee, mwisho wake ndo huu?" Hamdiya alijibu. "Nnakwenda kuanua mashuka yangu."

Kwa jina! Hamdiya alilelewa kuwa mke hamtaji mumewe. Miaka yote ya ndoa Marhoon alikuwa "we bwana", na alipoudhi, "we" tu.

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Akausukuma mlango wa ua.

Harufu ikampokea. Chokaa mbichi, iliyokorogwa sasa hivi. Kuta kongwe zile, chokaa mbichi imetoka wapi?

Akaanua shuka la kwanza. La pili...

Pa. Pa. Pa.

Nyayo. Miguu mitupu juu ya mawe.

Akalivuta shuka la mwisho. Nyuma yake, chini ya matao, watu walikuwa wakipita mmoja mmoja, vichwa chini. Wengine na majoho ya kufunika uso, wengine na kanzu. Wakifika pembeni wanakata kona, wanaendelea. Hamdiya alianza kwa kukasirika. Wachawi hawa hata uchawi wa kwao hawana, wanawaiga mapadri!

Kisha akamwona Marhoon. Bega limeanguka, miguu anaiburura, mvivu hata huko.

Alimtaka. Wallahi alimtaka arudi nyumbani, na uvivu wake wote.

Akafungua mdomo. Jina likakwama.

"We bwana!" akaita. "Hebu njoo huku!"

Nyayo zikakoma.

Wote wakageuka.

Aliyekuwa karibu naye akatoka chini ya tao. Uso wa Marhoon. Ndevu za Marhoon.

"Naam, mke wangu," akasema taratibu, akampokea mashuka.

Naam? Marhoon akiitwa hujibu "Nini tena?" Lakini Hamdiya alikuwa keshatangulia, anataka kutoka tu, na yule akamfuata nyuma. Wakavuka mlango.

"Hamdiya!" Sauti ilitoka ndani. "We mwanamke mpumbavu, n'nani huyo unayemtoa?"

Akageuka. Bega lile lile lililoanguka, ukumbini, na mikono ya wenziwe imemshika kanzu, inamrudisha kwenye mstari.

"Niite! Nini kinachokushinda? Jina moja tu! Umezoea kuropoka siku zote, leo ndo umekuwa bubu?"

Hamdiya akamtazama huyu aliyesimama nje. Kainamisha kichwa, kakumbatia mashuka, anangoja aambiwe. Akamtazama yule wa ndani, anamtukana mpaka mate yanaruka.

Jina lilikuwa limeshafika ulimini. Sasa lingetoka.

Hamdiya akalimeza.

Akavuta mlango. Akatia kufuli.

Asubuhi Afra alimwangukia kaka yake kifuani, akalia. "Ndiye! Mwenyewe hasa!" Damu yake, na hamjui. Hamdiya amewadharau watu wengi, lakini siku ile alimdharau Afra kuliko wote. Wakakubaliana asitoke nje kwanza, watu wasije wakasema.

Huyu hanuni. Hakorofishi. Mashuka anayakunja mwenyewe. Ila haitiki mpaka atajwe jina, basi Hamdiya humtaja. Marhoon, chai tayari. Marhoon, washa taa. Wala halimkwami tena.

Na kila akilitaja, kule nyuma mlango wa ua hutikiswa.

"Nani anayegonga?" Afra huuliza.

"Upepo," Hamdiya humjibu.

Bawaba ya juu imeshang'oka. Fundi aliahidi kuja Jumamosi, hakuja.