Mkaguzi Alikuja Baada ya Fatiha

YAH: MAOMBI YA UKAGUZI NA UTHAMINI WA NYUMBA KABLA YA KUINUNUA.

Ndivyo shemeji yangu Badru alivyoandika, ingawa nyumba alikwisha kuinunua. Karani mmoja wa ofisi ya wathamini alimweleza kuwa wanaofanya mambo kinyumenyume hawajatengewa kichwa cha barua, atumie hicho hicho.

Msimcheke. Muuzaji, Mzee Hemedi, alikuwa mtu wa heshima zake, na kwetu huendi na fundi kugongagonga kuta za mzee ambaye umekunywa chai mkekani kwake. Unatoa shikamoo, unasoma fatiha, unalipa. Kukagua baadaye. Mzee akahamia Kisarawe kwa bintiye, na mwezi haujaandama, akafariki.

Mthamini, Eliya, alifika kwenye nyumba hiyo, Mkuza, asubuhi ya jua kali, na tepu yake na kofia ngumu ya mafundi. Dada yangu Mwamini, mkewe Badru, akatangulia chumba cha uani, ambacho hatukuwa tumekiingia bado, kumfungulia dirisha.

"Bosi, mama anatafuta nini?" Eliya aliuliza, kasimama kizingitini.

Mwamini alikuwa anazunguka. Kiganja ukutani, polepole, pembe hadi pembe. Alipofika mlangoni kiganja kikapita hewani bila kuyumba, kana kwamba ukuta unaendelea.

"Mwamini, toka bwana, acha utani," Badru akasema.

"Nitokee wapi? Mlango mmeuziba na nini?"

Alisema hivyo akinitazama usoni.

Badru akaingiza mkono, akamshika, akamvuta. Pua ya dada ikapondeka hewani. Damu ikachuruzika mahali pasipo na kitu, ikateremka wima kama kwenye plasta.

Nikampigia simu Mwanakheri, binti wa mzee. Alinong'ona.

"Chumba hicho baba alikizindika. Wezi walimsumbua sana. Mgeni akiingia hatoki mpaka baba mwenyewe amshike mkono."

"Mbona hakusema?"

"Nani alimuuliza? Mngeleta mkaguzi yeye yupo, angekagua naye, akalifukua zindiko lake. Sasa baba tumeshamzika, mdogo wangu."

Mganga wa Dutumi alichungulia, akaomba maji ya kunawa, akaondoka. Tukabomoa ukuta wa nyuma. Mwamini akalipita tundu kama alivyoupita mlango, kiganja hewani. Eliya, kwa uaminifu wa kazi, aliandika kuwa chumba kina hewa ya kutosha.

Dada aliacha kula tulichompitishia mlangoni. Akaacha kunywa. Akaacha kututambua. Kuzunguka hakuacha.

"Hafi peke yake," Badru akasema.

Nilimshika shati. Likachanika. Aliingia, akamkumbatia mkewe, kisha akageuka kunitafuta. Macho yake yakanipita.

Walipokata roho tuliwavuta kwa kamba. Walitoka kirahisi, kama watu wengine.

Ukutani umebaki mstari mweusi wa viganja, umezunguka chumba kizima. Mlangoni hauishii. Unaendelea hewani, fremu hadi fremu, na ukiugusa ni wa baridi.

Dada yangu na mumewe walikufa kwa kiu, hatua moja kutoka kwenye mlango uliokuwa wazi.