Mfalme wa Dagoretti Corner

Kila jioni akitoka shuleni, Nyawira alipitia soko la Dagoretti kumsaidia nyanyake, Shosho Waringa, kuchagua njahi, yale maharagwe meusi aliyouza. Aliketi juu ya debe lililopinduliwa, akapeta njahi nyeusi kwenye ungo, akaondoa mawe na zile zilizotobolewa na wadudu. Shosho alikuwa na kumbukumbu ndefu na ulimi usiopumzika. Angekuambia nani alikuwa na kibanda gani kabla soko halijabomolewa, na ni mheshimiwa yupi aliyeahidi paa kisha akapotea mpaka kura zilizofuata.

Jumatano hiyo Nyawira aliacha mawe, akatupa njahi nzuri.

"Wee, leo uko wapi?" Shosho akauliza.

"Niko hapa, Shosho."

"Mwili uko hapa. Wewe mwenyewe uko wapi?"

Nyawira akainamia ungo. Juma lililopita Mwalimu Ajwang aliwaagiza wamuulize mzee wa nyumbani jinsi watu walivyoishi na kujitawala kabla ya wakoloni, kisha waandike walichoambiwa. Wesonga, ambaye kwao ni Mumias, alitamba darasa zima likimsikia. "Sisi tulikuwa na Nabongo, mfalme kamili. Nyinyi mlikuwa na nani? Mama mboga?"

Walicheka mpaka wengine wakagonga madawati. Nyawira aliumia, kwa kuwa nyanyake kweli ni muuzaji wa soko. Hakumuuliza Shosho lolote. Wakati wa mapumziko alijitungia mfalme: alikaa Dagoretti Corner, kwenye kiti cha pembe za ndovu, na askari mia tatu, na kila aliyepita aliinama. Juu ya ukurasa akaandika: "Kama nilivyosimuliwa na nyanya yangu, Waringa." Mwalimu aliipenda mno. Nyawira angeisoma Ijumaa, siku ya wazazi, na Shosho alialikwa akae mbele. Barua ya mwaliko ilikuwa imefichwa kwenye begi tangu Jumatatu.

Sasa aliitoa. Shosho akavaa miwani, akasoma polepole mpaka penye shukrani kwa hadithi aliyomsimulia mjukuu wake.

"Ati nilikusimulia. Nilikusimulia nini, mami? Hebu nisomee."

Nyawira akafungua daftari, akasoma kwa sauti ndogo. Alipofika penye kiti cha pembe, mchuuzi wa kando alikohoa ili asicheke. Shosho hakucheka.

Mara akaja Mmaasai aliyekuwa ameleta ng'ombe machinjioni. Shosho alizungumza naye Kimaasai, wakabishana kidogo, wakacheka, naye akaondoka na kilo mbili.

"Unajua Kimaasai nilikitoa wapi?"

"Hapana, Shosho."

"Ungejuaje? Hujawahi kuniuliza." Akavua miwani. "Sikiliza. Babu yangu alikuwa na shamba upande ule wanaouita Karen leo. Siku moja alisomewa karatasi ya wakoloni kwamba wazee wamekubali kuhama. Wazee gani? Hakuna aliyeulizwa. Mtu aliketi mezani akawatungia maneno, akaandika majina yao chini. Na wewe, mjukuu wangu niliyekubeba mgongoni, umeketi mezani ukanitungia maneno, ukaandika jina langu juu."

Machozi yakamlenga Nyawira. "Nilitaka na sisi tuwe na mfalme, Shosho. Wesonga alitucheka."

Shosho akamtazama, na uso ukalegea. Akamvuta karibu, akampangusa kwa pindo la leso.

"Sisi Wakikuyu hatukuwa na mfalme. Tulikuwa na mabaraza ya wazee. Kesi ilisikizwa hadharani, na kila mwenye neno akalisema mpaka likaisha. Rika moja likimaliza zamu yake, lilikabidhi madaraka kwa rika lililofuata. Hawakung'ang'ania viti kama hawa wa leo. Mkoloni alipofika akauliza mfalme wetu ni nani. Alipomkosa, akaokota aliyemfaa, akamvika kofia, akamwita chifu."

"Na mama mboga?"

"Hao ndio uandike kwa herufi kubwa. Bibi yangu na wenzake walibeba maharagwe, unga wa mtama, vibuyu na tumbaku, wakaenda kwa Wamaasai, wakarudi na ngozi na mbuzi. Hata wanaume walipopigana mikuki, wanawake wa biashara walipita katikati na hakuna aliyewagusa. Bila wao, pande zote mbili zingelala njaa. Kimaasai changu kilitoka kwa bibi huyo. Sasa toa kalamu. Na usiandike nisichosema."

Ijumaa Nyawira alisimama mbele ya wazazi. Shosho alikuwa kwenye kiti cha kwanza, leso mpya kichwani.

"Hadithi niliyompa mwalimu niliitunga," Nyawira akasema. "Shosho hakusema hata neno moja la mle. Haya ndiyo aliyosema."

Minong'ono ikazuka, lakini alisoma. Alipofika kwa wanawake wa biashara, sauti ikatoka mbele: "Umeruka tumbaku." Watu wakacheka, naye akairudisha tumbaku mahali pake.

Alipomaliza, Wesonga alisema, "Kwa hivyo hamkuwa na mfalme."

"Hatukuwa naye," Nyawira akajibu. "Nyinyi mlikuwa naye. Nani alikusimulia habari zake?"

Wesonga akajikuna shingo. "Nilisoma kwa simu."

Mwalimu Ajwang akasimama. "Nyawira, alama nilizokupa kwa ule uongo nimezifuta, na sizirudishi. Lakini umefanya jambo gumu kuliko kuandika vizuri. Nami pia nina kosa: niliusifu uongo kwa sababu ulipendeza, nisimuulize nyanyako mwenyewe. Watoto, historia yetu iliandikwa na watu wasiotuuliza, na mpaka leo tunahangaika kuisahihisha. Msiwafanyie wazee wenu vivyo hivyo. Ulizeni, mwandike mlichoambiwa, hata kama hakina kiti cha pembe."

Shosho akamgeukia Wesonga. "Nawe, kijana, nyanyako yuko hai?"

"Yuko, Shosho. Yuko Mumias."

"Basi mpigie simu leo. Umuulize mfalme wenu alikula nini, na nani alimlimia. Halafu uje uniambie. Nataka kujua."