Roti ya Mchele Yenye Alama za Vidole

Nyumba yetu huamka kwa kahawa. Jogoo hajamaliza kuwika, mkamwana wangu Jayanti ameshaichuja, ameitia maziwa, na harufu imepanda hadi darini. Huku milimani kahawa tunaipanda wenyewe, tunaianika uani na kuikaanga wenyewe. Asiyekunywa kahawa asubuhi tunamuuliza anaumwa wapi.

Pamoja na kahawa huja roti ya unga wa mchele, mkate bapa kama chapati. Nimekula roti hiyo tangu sijaota meno ya mbele.

Mwaka ule mjukuu wangu Hema alirudi nyumbani akiwa na mimba ya miezi saba. Ndiyo desturi yetu: mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa wazazi wa mama yake. Jayanti alifurahi mno. Alimlisha binti yake kama mgeni wa heshima. Alinunua dukani unga mweupe kuliko wote, akaukanda kwa maji ya moto na chumvi, basi. Akausukuma kwa kifimbo mpaka roti ikawa nyembamba kama leso.

"Na majani je?" nilimuuliza siku moja. "Na vitunguu? Hata nazi hukuni?"

"Mama, hizo ni roti za zamani," Jayanti alinijibu. "Umesahau siku ya bangili, tulipomvisha Hema bangili za mimba? Mkwe wetu Parvatamma, mama wa mume wa Hema, aliinua roti yangu juu, akasema ni nyeupe kama jasmini. Sasa nimlishe mkwe wake majani? Atasema tumemfanya mbuzi."

Jiko lilikuwa lake. Lakini moyo wangu ulirudi kwa mama yangu.

Mama alikuwa akinituma na kikapu nichume majani ya mlonge nyuma ya zizi. Nilikaa kizingitini nikiyapukuta kutoka kwenye vijiti, moja moja, maana kijiti kikiingia kwenye roti baba alikitoa mdomoni na kuniangalia tu. Msimu wa baridi tulikuwa na maharage ya fiwi mabichi. Ukiibana kwa vidole viwili, ganda linabaki na punje inaruka. Tulirushiana punje hizo machoni mpaka mama atishie kutuchapa na mwiko. Unga ulichanganywa na majani, fiwi za kuchemsha, karoti, kitunguu, nazi na ufuta. Roti ya namna hiyo haisukumiki kwa kifimbo, itachanika. Unaibandika kwenye tawa la baridi, lile kaango bapa la chuma, na kuitandaza kwa vidole. Unatoboa matundu matatu, unadondoshea mafuta, unafunika, ndipo unaweka motoni. Ikiiva unageuza tawa na kulimwagia maji mgongoni lipoe kwa roti inayofuata. Ule mlio, chwaaa, ndio uliotuamsha sisi watoto.

Basi, Hema alikula roti nyeupe asubuhi, akala nyeupe jioni. Alishiba, lakini hakupata nguvu. Akipanda ngazi za kisimani alisimama katikati na kushika ukuta. Midomo ilipauka.

"Mimba ya kwanza ndivyo ilivyo," Jayanti alisema. Lakini nilimwona akimchungulia binti yake alipolala.

Nesi wa kijiji chetu ni Kusuma, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuja na kimkoba chake, akafunua kope za Hema, akamtoboa kidole na kupima damu.

"Iko nane," alisema. "Mjamzito anatakiwa awe na kumi na moja au zaidi. Mwezi uliopita walikupa vidonge vya kuongeza damu kliniki. Unameza?"

"Kila siku, dada. Sijaruka hata kimoja."

"Basi sielewi." Kusuma alifunga kimkoba. "Nisikilizeni. Kila mwanamke hupoteza damu anapojifungua. Mwenye damu kidogo hana akiba, anaweza kufa. Ikibaki hivi, Hema hatazalia hapa kwenye kituo chetu cha afya. Tutampeleka hospitali kubwa ya mjini, nami nitapanda gari naye."

Hema alianza kulia kimya kimya. Mjini ni mbali, barabara ni ya kona tupu, na mvua ilikuwa imeanza kubomoa kingo zake. Jayanti alifanya anachofanya akiogopa: aliingia jikoni, akatoka na sinia la roti nyeupe na vikombe vya kahawa.

Hema alifuta machozi. Alitoa kidonge kwenye kikaratasi, akakitia mdomoni, akakisindikiza kwa kahawa.

Kusuma aliweka kikombe chake chini.

"Hema, siku zote unakimeza hivyo?"

"Kinanuka kutu, dada. Kahawa inaondoa ile harufu."

"Basi mwizi tumemkamata," Kusuma alisema. "Kidonge hicho ni madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Kahawa huyazuia yasiingie mwilini. Chai ni hivyo hivyo, na maziwa pia."

Jayanti alikaa chini kama aliyesukumwa. "Kahawa? Kahawa yetu?"

"Sijasema muitupe, mtanifukuza kijijini. Kidonge kimezwe kwa maji, bora maji ya ndimu, maana ndimu husaidia chuma kuingia. Kahawa isubiri. Isikae karibu na kidonge wala karibu na chakula. Saa mbili zipite. Na wewe Hema, kikombe kimoja kwa siku kinakutosha."

"Saa mbili," Hema alinong'ona, kama aliyeambiwa aende gerezani. Nilicheka, naye akacheka.

Kusuma alichukua roti na kuitazama. "Hii imesukumwa vizuri. Lakini ni wanga mtupu, Jayanti. Wanga unatia nguvu ya kufanya kazi, ni sawa. Damu haujengi. Mwili wa mtoto haujengi. Mchele ukikobolewa hadi uwe mweupe hivi, uzuri wake mwingi umebaki kwenye pumba. Pumba mnampa nani?"

"Ng'ombe," Jayanti alisema.

"Ndiyo maana ng'ombe wenu ana afya kuliko Hema."

Jayanti aliziba mdomo kwa ncha ya sari. Sikujua analia au anacheka. Kisha Kusuma akanigeukia mimi.

"Bibi, nyinyi zamani mlitia nini?"

Nikamhesabia, kuanzia mlonge mpaka ufuta. Kusuma aliitikia kwa kichwa kila nilipotaja kitu.

"Fiwi ina protini, inajenga mwili wa mama na mtoto. Mlonge na ufuta vina madini ya chuma. Karoti ni nzuri kwa macho. Kamulia ndimu juu, usisahau. Lakini vidonge aendelee navyo. Roti peke yake haitoshi kwa damu iliyoshuka hivi. Vitu hivi viwili vifanye kazi pamoja."

Jayanti alinong'ona, "Na mkwe wangu akija?"

"Akija atamkuta mkwe wake mzima," Kusuma alisema.

Asubuhi iliyofuata Jayanti alikwenda kwenye tundu la kuku. Tawa la chuma la mama yangu lilikuwa huko, limefanywa kifuniko. Alilisugua kwa majivu mpaka likang'aa, akalipaka mafuta, kisha akaniletea unga.

"Nifundishe vidole, Mama."

Roti yake ya kwanza ilikuwa nene kama mto wa kulalia. Ya tatu ilikaa sawa. Alipomwaga maji mgongoni mwa tawa nilisikia ule mlio, nikajipa kazi ya kupukuta majani ili wasinione macho.

Hema alikula hivyo kila siku. Vidonge alimeza kwa maji ya ndimu huku amekunja uso. Kabla mwezi wa tisa haujaisha, Kusuma alipima tena. Damu ilikuwa kumi na moja, na Hema alipanda ngazi za kisimani bila kusimama. Akajifungulia kituoni kwetu, mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Damu ilitoka ya kawaida, na jioni Hema alikaa akaomba chakula.

Parvatamma alikuja kumwona mjukuu wake. Jayanti alikuwa amemwandalia roti nyeupe, lakini mgeni alinusa hewani.

"Jikoni kuna nini?"

"Ni za Hema tu, mkwe," Jayanti alisema. "Zina majani."

"Lete."

Jayanti akaileta. Parvatamma aliweka kidole chake kwenye alama ya kidole cha Jayanti, pale pembeni palipoungua kidogo. Akamega, akatafuna polepole.

"Mama yangu alipika hivi," alisema. "Tangu niolewe hakuna aliyenipikia."

"Lakini ulisifu ile nyeupe, mkwe."

"Nilisema nyeupe. Nilisema tamu?"

Alisukuma sahani mbele. "Niongezee. Ile iliyoungua pembeni. Na kahawa usilete sasa, Hema ameniambia tusubiri."