Kitanda cha Dirishani

Bandeji ndizo zilizomshtua kwanza muuguzi wa chuo: zilikuwa zinaisha upesi mno. Ndani ya wiki mbili wasichana watatu wa chumba kimoja walikuja zahanati, wote mkono wa kushoto, wote eti wameteleza bafuni. Aliwafunga, akaandika "ameteleza," akawaruhusu. Alikuwa peke yake kwa chuo kizima, miguu imemvimba, na kuuliza maswali nako ni kazi.

Wa nne alikuwa binti wa kaka yake.

"Nani amekufundisha kujiumiza?"

"Wenzangu, shangazi. Ningekataa wangenitenga."

"Na wao?"

"Walifundishana. Wa kwanza alifundishwa na yule wa kitanda cha dirishani."

Chumba kile kilikuwa na wanafunzi wanne tu. Muuguzi alimshika mkono, wakapanda ngazi, mchana kweupe. Wale watatu walikuwa sakafuni, mikono ya sweta wameivuta hadi vidoleni, wamekielekea kitanda kisicho na shuka wala mtu. Palinuka damu na marashi yaliyochacha.

"Shikamoo," sauti ya msichana mpole ikatoka kitandani.

Muuguzi hakuitikia. "Unataka nini kwa watoto hawa?"

"Wakilia, nakaa nao. Wewe umemuuliza nani kinachomliza?"

Alitaka kukimbia, lakini aibu ikamzuia, maana jini lile halikusema uongo, na kadiri alivyosimama ndivyo harufu ilivyozidi kumkaba, na godoro likawa linapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala, na mkono wa binti wa kaka yake, aliokuwa ameukamata kwa nguvu zake zote, ukaanza kumchomoka kidole kimoja kimoja kuelekea dirishani.

Muuguzi akavua viatu, akajitupa kitandani, akajilaza palepale godoro lilipobonyea.

"Nipishe," sauti ikamnong'oneza sikioni. "Hapa ni pangu."

"Nimechoka mno. Siondoki." Akawageukia wasichana. "Haya, aanze mmoja. Nini kinawaliza?"

Kitu baridi kikawa kinamsukuma muuguzi mgongoni, kinamsukuma tena, mpaka yule wa kwanza akasema kwa sauti ndogo kwamba mama yake alifariki muhula uliopita na hakuna aliyemwambia hadi mazishi yalipopita. Mgongoni kukalegea kidogo. Kidogo tu.

"Mwanangu," muuguzi akamwambia binti wa kaka yake, "kanichukulie shuka na mswaki. Nahamia huku."

"Mpaka lini, shangazi?"

"Mpaka achoke yeye."