Mama, Panda Twende

Kiyoyozi kilikuwa na siku mbili tu tangu kifungwe, lakini badala ya harufu ya mpira mpya kikatoa harufu ya shada la yasmini lililooza.

"Umetundika shada jingine kwenye kioo?" Lamduan akamuuliza mumewe.

"La jana nimelitupa. Leo hata sijanunua," akajibu Prayong.

Pikapu yao ilikuwa kuukuu kuliko mtoto wao wa kwanza, na haikuwahi kujua kiyoyozi. Lakini figo za Lamduan zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alipelekwa hospitali kusafishwa damu, na joto la Aprili hapa mjini Nakhon Sawan halina mchezo. Alikwishazimia njiani mara mbili. Mara ya tatu, daktari alisema, huenda asiamke.

Basi fundi Kraison akaungaunga. Kompresa ya teksi, rejeta ya basi dogo, mabomba akayapinda kwa mkono. Sanduku la baridi, lile linalokaa chini ya dashibodi, walilifungua skrepa, kwenye uwanja wa magari mabovu, katika gari jeupe lililopondeka mbele.

"Litaingia kama limezaliwa humo!" fundi akajisifu.

Kila gari lina mama yake, haonekani, huketi mbele kulinda safari. Gari likifa kwa ajali, mama hubaki hana pa kukaa. Prayong alilijua hilo. Akawasha udi, akapiga magoti kwenye mafuta machafu, akamwomba mama wa gari jeupe abaki palepale. Alifanya kila kitu sawasawa, maskini! Kisha akainuka na sanduku mikononi, akamwona mkewe anajipepea juani, akamwita kama alivyomwita miaka arobaini.

"Haya mama, panda, twende nyumbani."

Kraison akaangusha spana. "Mzee! Hapa hapasemwi hivyo!"

"Si namwambia mke wangu?"

"Mimi najua. Na yeye je, anajua?"

Wakacheka kidogo, wakaondoka.

Wiki ya pili, mchana wa saa saba, lami inayeyuka, Lamduan alikuwa amejifunika blanketi.

"Baba, zima."

"Nimezima, mama."

"Basi mbona..." Akanong'ona, hageuzi shingo. "Kuna mtu ananisukuma. Anasema nisogee, hiki ni kiti chake."

Prayong akageuza gari mpaka gereji. Kraison akaukata mkanda wa kompresa, akaitoa gesi yote, akaweka kiganja kwenye tundu la hewa, na hewa ikaendelea kuja, baridi, yenye yasmini, ikivuta na kutoa, ikivuta na kutoa, mpaka fundi mzima wa miaka hamsini akarudi kinyumenyume akagonga ukuta.

"Lingoe hilo sanduku!" Prayong akamsihi.

"Nati hazizunguki, mzee. Na mimi siligusi tena."

Wakaazima gari la jirani. Baridi nayo ikapanda humo, maana ilikuwa imekwishamzoea mgonjwa; wakarudia pikapu yao. Lamduan akawa anakonda upande mmoja, ule wa dirishani, na Prayong, aliyekuwa amemtafutia mkewe ubaridi kwa mapenzi yote, akabaki anamsugua mikono isiyopata joto, hajui amlilie nani.

Mtawa wa hekaluni alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi, baba mtawa. Kwa bahati mbaya."

"Kwa neno gani?"

"Mama."

Mtawa akafumba macho. "Basi atashuka kwa neno hilohilo, kutoka kinywani mwako. Mimi sikumwita, hatanisikia. Ila mkeo asiwepo."

Jumatano Prayong akamwacha Lamduan kitandani hospitalini, mashine ikizunguka, akaenda skrepa peke yake. Akasimama mbele ya gari jeupe, akafungua mlango wa abiria wa pikapu yake.

"Mama, shuka," akasema. "Shuka mama, umefika kwenu."

Joto likarudi papo hapo. Harufu ikakatika. Prayong akalia kwa furaha, mzee wa watu, akaendesha kurudi mjini madirisha yote wazi.

Muuguzi alimpokea mlangoni, gauni limelowa damu.

"Mzee, tulimshika, akatushinda nguvu. Amechomoa sindano mwenyewe, anatabasamu. Tumejaribu kila kitu, hatukumwahi."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Baba ameniambia nishuke. Nimefika kwetu.'"

"Saa ngapi?"

"Saa sita na robo."

Ndiyo saa Prayong aliyosema neno lile kule skrepa. Alirudi kwenye gari kwa kuwa hakujua pengine pa kwenda, akaegemeza kichwa kwenye usukani. Jua lilikuwa kali. Kisha kioo kikaanza kuingia ukungu kwa ndani, na yasmini ikanuka. Akafungua mdomo amfukuze, akaufunga. Neno alilokuwa nalo lilikuwa moja tu, na ndilo lililomshusha mkewe.

Kiti cha kushoto, mkanda ukajivuta polepole, ukajifunga.

"Haya baba," ikasema sauti ya mkewe, "twende nyumbani."